Uwanja wa skeitibodi wa Newberg, Oregon: tathmini ya fundi wa zege

Uwanja ninaoutathmini, wa kuchezea skeitibodi (ubao wenye magurudumu manne ambao mchezaji husimama juu yake), uko Newberg, mji mdogo wa jimbo la Oregon nchini Marekani, kilomita 40 hivi kusini-magharibi mwa Portland, kwenye barabara ya 99W inayopita kati ya mashamba ya mizabibu. Ulijengwa mwaka 2000 na kampuni ya Dreamland Skateparks kwa niaba ya Chehalem Park and Recreation District, ambayo ni mamlaka ya bustani na michezo ya Newberg na maeneo jirani, na uko ndani ya bustani ya umma ya Ewing Young. Wakati unajengwa, mji wote ulikuwa na wakazi 18,000 hivi. Ukubwa wake unakaribia futi za mraba 30,000, ambao ni zaidi ya theluthi moja ya uwanja wa mpira wa miguu, na wote ni zege tupu lililofinyangwa kuwa mabonde, vilima, kuta za mviringo na miteremko, bila kiingilio, bila geti la tiketi, na bila msimamizi wa kumuuliza mtu ametoka wapi.

Ninaandika kama mzazi ambaye mwanawe anaupenda mchezo huu kuliko mwingine wowote, lakini pia ninaandika kama fundi. Nilijifunza kazi ya uashi Tanga, na hapa Oregon riziki yangu inatokana na zege: misingi ya nyumba, njia za watembea kwa miguu, sakafu za maghala. Kwa hiyo, wakati wazazi wengine wanawatazama watoto wao, macho yangu hutangulia kwenye sakafu. Nimeona viwanja kadhaa vya aina hii katika miji midogo ya magharibi mwa Oregon, na ninachokusudia kueleza ni kwa nini huu wa Newberg, ambao umetimiza robo karne, bado unavishinda vingi vilivyojengwa baada yake kwa fedha nyingi zaidi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama juu ya skeitibodi, inafaa aelewe kwanza kwamba magurudumu yake ni madogo sana. Kipenyo chake ni milimita hamsini na kitu, na yametengenezwa kwa plastiki ngumu isiyobonyea. Gari hupita juu ya kokoto bila dereva kujua. Skeitibodi ikikutana na kokoto hiyohiyo husimama papo hapo, na aliye juu yake huendelea mbele peke yake. Vivyo hivyo kwa ufa mpana, kwa kiungio kilichoinuka milimita tatu, au kwa mahali ambapo fundi aliacha alama ya mwiko wake. Mambo ambayo mimi na wewe tungeyasamehe kwenye ua wa nyumba, hapa huvunja mkono wa mtoto. Ndiyo maana kazi ya kujenga uwanja wa skeitibodi haistahili kupewa mkandarasi yeyote tu aliyeshinda zabuni kwa bei ya chini, hata kama kandarasi zake za barabara na mifereji ni nzuri.

Kwenye uwanja wa Newberg nilipiga magoti katika bonde moja la kati na kupitisha kiganja changu kuanzia sakafuni hadi ukingoni. Mahali ambapo sakafu bapa inaanza kupinda kuwa ukuta, mkono haupati dalili yoyote ya mpaka. Hakuna kigongo wala kibonyeo. Ukuta unapanda kwa duara lililo sawa tangu chini hadi juu, na kule juu limezikwa bomba la chuma ambalo limechomoza nje ya zege kwa kiasi kidogo mno, kiasi cha mchezaji kulihisi ekseli yake, yaani chuma kinachoshika magurudumu, inapoligusa lakini bila kumkwamisha anaporudi chini. Bomba hilo limeng'arishwa na maelfu ya ekseli zilizosagwa juu yake, na pembeni mwake zege halijameguka isipokuwa sehemu chache. Nyufa zipo, kwa kuwa hakuna zege lisilo na nyufa baada ya miaka 25, lakini ni nyembamba kama nywele na hazijahama. Upande mmoja haujainuka wala mwingine haujazama. Kwa fundi hiyo ni habari kubwa, kwa sababu maana yake ni kwamba ardhi ya chini ilishindiliwa vizuri na nondo zilipangwa inavyotakiwa. Kazi hiyo yote imefichwa, na hakuna anayeweza kuikagua leo ila kwa kuangalia matokeo yake.

Ubora wa uso wa zege, hata hivyo, ni nusu tu ya sifa za uwanja huu. Nusu nyingine ni mpangilio. Mwanangu alinieleza jambo hili vizuri zaidi kuliko ambavyo ningelieleza mwenyewe, akasema, "Baba, hapa husukumi mguu, ukuta wenyewe ndio unakupeleka." Nilipotulia na kutazama nikaona anachosema. Mchezaji anashuka kwenye mteremko, anapanda ukuta ulio mbele yake, anageuka juu, na kasi anayoipata anaporudi chini inamtosha kufika kwenye kilima kinachofuata, ambacho nacho kinamrusha kuelekea bonde jingine. Anaweza kuuzunguka uwanja kwa muda mrefu bila kuweka mguu chini. Umbali kati ya kitu na kitu umepimwa na mtu anayejua kasi ya mwili wa binadamu juu ya magurudumu manne. Ukiongeza meta mbili mahali fulani, kasi inakufa, na ukipunguza meta mbili, mchezaji hana muda wa kujiweka sawa. Vipimo vya namna hiyo havipatikani kwenye mchoro wa mhandisi ambaye hajawahi kucheza.

Na hapa ndipo historia ya wajenzi inapohusika. Mwaka 1990 kundi la vijana wa Portland walianza kumwaga zege chini ya daraja la Burnside, upande wa mashariki wa mto Willamette, bila kibali cha mtu yeyote. Walichotaka ni mahali pakavu pa kuchezea katika jiji ambalo mvua yake haiishi. Walianza na mteremko mdogo ulioegemezwa kwenye ukuta wa daraja, wakaongeza mwingine, wakabomoa waliokosea, wakajenga tena, na kwa njia hiyo wakajifunza ufundi ambao haukuwa ukifundishwa mahali popote. Jiji lilikuja kuukubali uwanja huo, na upo hadi leo. Mmoja wa wajenzi wake, Mark Scott, ndiye aliyekuja kuanzisha Dreamland, na kabla ya Newberg kampuni hiyo ilikuwa imeshaingia Lincoln City, mji mdogo wa pwani ya Pasifiki, ambako awamu ya kwanza ya uwanja ilijengwa mwaka 1999. Kwa hiyo Newberg ilipowapa kazi watu hawa haikuwa inabahatisha. Ilikuwa inaajiri mafundi ambao walikuwa wameshalala chini mara nyingi wakiwa wameumizwa na makosa yao wenyewe, na ambao wangekuwa watu wa kwanza kuujaribu uwanja siku zege litakapokauka.

Niruhusiwe kueleza kidogo jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, kwa sababu wenzangu wa uashi wataipenda. Ardhi huchongwa kwanza kufuata umbo la mwisho, bonde kwa bonde, kisha hutandazwa kokoto na kushindiliwa. Nondo husukwa kufuata mpindo, jambo linalohitaji subira kwa kuwa kila nondo lazima ipindwe kwa kiasi chake. Mbao hukatwa kwa duara la ukuta unaotakiwa na kusimamishwa kama kiolezo, na bomba la ukingo huchomelewa mahali pake kabla ya tone la zege kumwagwa. Ukuta uliosimama hauwezi kumwagiwa zege kwa toroli, kwa hiyo zege hurushwa kwa mpira wenye presha kali ya hewa, likagonga udongo na nondo na kushikamana papo hapo. Nyuma ya mshika mpira hufuata mafundi wenye rula ndefu iliyopindwa kwa duara lilelile la mbao, wanaokata ziada. Nyuma yao wenye mwiko wa mbao. Na mwisho wenye mwiko wa chuma, ambao huurudia uso huo tena na tena kadiri zege linavyokaza. Yote haya lazima yaishe katika saa chache. Kama jua ni kali na watu ni wachache, zege huwashinda, na alama za kushindwa huko hubaki hapo kwa muda wote wa uhai wa uwanja.

Duara la ukuta ndilo linaloamua nani ataweza kucheza. Ukuta wenye kimo cha futi sita uliochorwa kwa nusu-kipenyo cha futi nane haufiki wima, na mtoto anayejifunza anaweza kuupanda na kushuka bila kutupwa. Kimo hichohicho kikichorwa kwa nusu-kipenyo cha futi sita, ukuta unakuwa wima kabisa pale juu, na huo ni ukuta wa watu wazoefu. Tofauti ni futi mbili tu kwenye karatasi. Newberg ina aina nyingi za duara ndani ya eneo moja, na hilo ni jambo la kusifiwa, ingawa baadaye nitaeleza kwamba mizani imeegemea kidogo upande wa wazoefu.

Kuna mji mwingine, ambao sitautaja, tuliowahi kuuzoea kwa sababu ulikuwa karibu na nyumbani. Wao waliamua kununua vifaa vilivyokwisha kutengenezwa, yaani majukwaa ya chuma yaliyofunikwa kwa mbao maalumu, wakayapanga juu ya lami ya uwanja wa tenisi uliokuwa hautumiki. Siku ya ufunguzi palipendeza. Baada ya misimu michache ya mvua, skrubu zilianza kuinuka, mbao zikavimba pembeni, na pale chuma kinapokutana na lami pakawa na kizingiti ambacho kilimwangusha mwanangu na kumchana kidevu. Kelele nazo zilikuwa kubwa, kwa sababu jukwaa lenye uwazi chini hupiga mwangwi kila mtu anapotua, na majirani wakalalamika kwa haki. Zege lililoshikana na ardhi halina tatizo hilo. Ukisimama kwenye nyasi za bustani ya Ewing Young unasikia mvumo wa magurudumu na mikwaruzo ya ekseli kwenye chuma, basi. Siwalaumu viongozi wa mji ule kwa nia yao, kwa kuwa walitaka kuwafanyia vijana jambo jema kwa bajeti ndogo. Lakini wamekuwa wakilipia matengenezo mwaka baada ya mwaka, wakati zege la Newberg, likilinganishwa na hilo, limehitaji kidogo sana.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni sheria. Katika miaka ya 1970 Marekani ilijaa viwanja vya skeitibodi vya watu binafsi vilivyotoza kiingilio, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vingi vilikuwa vimefungwa au kufukiwa, sababu kubwa ikiwa gharama ya bima pamoja na hofu ya kushitakiwa mtu anapoumia. Hofu hiyohiyo ilizifanya halmashauri za miji kukataa kujenga viwanja vya umma kwa muda mrefu. Mambo yalianza kubadilika sheria zilipobadilika. California ilipitisha sheria mwaka 1997, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ikiiweka skeitibodi miongoni mwa michezo ya hatari ambayo mchezaji huingia akijua hatari yake, na baada ya hapo miji ya jimbo hilo ilijenga viwanja kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Oregon kwa upande wake ina sheria inayomkinga mwenye ardhi, ikiwemo mamlaka ya umma, anapoifungua ardhi yake kwa ajili ya burudani bila kutoza ada. Kwa hiyo kuingia bure kwenye uwanja wa Newberg ni ukarimu, na vilevile ni sehemu ya kinga yenyewe. Halmashauri inayofikiria kutoza hata sarafu chache mlangoni ili kurudisha gharama inapaswa kumuuliza mwanasheria kwanza, kwa kuwa sarafu hizo zinaweza kuiondolea kinga yenye thamani kubwa kuliko mapato ya mlangoni ya miaka kumi.

Uendeshaji nao ninausifu. Mamlaka hii inaendeshwa na bodi inayochaguliwa na wananchi na hupata sehemu ya fedha zake kutokana na kodi ya mali, kwa hiyo uwanja wa skeitibodi upo kwenye orodha moja na mabwawa ya kuogelea na viwanja vya mpira, wala haukuachwa kuwa mradi wa wafadhili ambao huzinduliwa kwa shangwe kisha ukakosa mwenyewe. Nimekuta majani yamefagiwa. Nimekuta matundu ya kutolea maji chini ya mabonde yakiwa wazi, na huo ndio ukaguzi wa kwanza ninaoufanya kila ninapofika, kwa sababu tundu likiziba, bonde hugeuka dimbwi na vijana hulazimika kuteka maji kwa ndoo. Masharti yapo kibaoni na ni machache. Ikumbukwe kwamba sheria ya Oregon inamtaka kila aliye chini ya umri wa miaka 16 avae helmeti anapotumia skeitibodi mahali pa umma, na mimi ninaongeza kinga za magoti na viwiko kwa wangu, apende asipende. Uso wa zege uliosuguliwa kwa mwiko wa chuma ni laini kwa magurudumu, lakini kwa ngozi hauna huruma.

Jirani yetu, mama mmoja kutoka Uvira, alifuatana nasi akiwa na watoto wake wawili, na swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna kocha. Hakuna, na nilimwona akiingiwa na wasiwasi wakati watoto wake waliposimama pembeni wakiwa na skeitibodi ya kuazima. Kisha kijana mmoja mwenye umri wa kuwa mwanafunzi wa chuo akawasogelea, akawaonyesha namna ya kuweka mguu wa nyuma, akamshika mikono yule mdogo na kumtembeza mara kadhaa kwenye mteremko wa chini kabisa, kisha akarudi kwenye mchezo wake bila kungoja shukrani. Jambo hilo nimeliona likitokea katika uwanja huu mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba ni desturi ya pale. Wachezaji hupokezana zamu bila foleni wala filimbi: mmoja anaingia, wengine wanasubiri ukingoni, na anayeshindwa jambo kwa mara nyingi akifanikiwa, wote hugonga ncha za skeitibodi zao chini kumpongeza. Mtu mzima wa miaka hamsini na mtoto wa miaka minane hucheza bonde moja. Sijui mchezo mwingine ambao mji mdogo unaweza kuwakutanisha watu wa rika hizo kwa urahisi namna hiyo, bila timu, bila sare na bila ada ya uanachama.

Kasoro zipo, nami sitazipunguza. Ya kwanza ni kwamba anayeanza kabisa hapati nafasi ya kutosha. Sehemu za chini zipo, ila ziko kwenye njia ya wazoefu, na mtoto anayejifunza kusimama hujikuta katikati ya mkondo wa watu wanaokwenda kasi. Wakati uwanja unajengwa pengine hilo halikuonekana kuwa jambo kubwa, kwa kuwa wachezaji wengi walikuwa vijana wakakamavu. Siku hizi, baada ya mchezo kuingia katika Olimpiki kuanzia zile za Tokyo zilizofanyika mwaka 2021, watoto wadogo ni wengi, wasichana kwa wavulana, na eneo lao la pekee linahitajika. Eneo bapa lenye vilima viwili vitatu vya futi mbili lingetosha, tena lisingegharimu sehemu kubwa ya bajeti ya uwanja mzima.

Ya pili ni mvua. Uwanja hauna paa, na katika bonde la Willamette mvua huanza karibu mwezi wa kumi na kuendelea, kwa vipindi, hadi mwezi wa tano. Zege lililolowa halichezeki. Magurudumu huteleza na maji huharibu beringi. Hii ina maana kwamba kwa zaidi ya nusu ya mwaka huduma hii hutegemea bahati ya siku kavu. Kuezeka eneo lote lisingekuwa jambo la busara kifedha, lakini bonde moja lililoezekwa lingebadilisha maisha ya vijana wa Newberg wakati wa baridi, na kuna miji ya jimbo hilihili iliyofanya hivyo. Kivuli nacho ni kidogo: wazazi wanaokaa kusubiri mwezi wa saba na wa nane wabebe mwavuli na maji ya kutosha.

Kasoro ya tatu ni ndogo, lakini fundi hawezi kuinyamazia. Baadhi ya viraka vilivyowekwa kuziba sehemu zilizomeguka ukingoni vimepigwa juu juu. Kiraka chembamba cha saruji juu ya zege la zamani hakishiki, kwa sababu mtetemo wa magurudumu huking'oa. Sehemu ya namna hiyo inatakiwa kukatwa kwa msumeno hadi kwenye zege zima, isafishwe, ndipo ijazwe upya kwa kina cha kutosha. Kwa ubora wa zege na mpangilio ningeupa uwanja huu alama tisa kati ya kumi. Kwa viraka hivyo ningetoa tano.

Ninapouangalia uwanja huu siachi kufikiria miji ya nyumbani yenye ukubwa wa Newberg, kwa sababu mchezo wenyewe umeshafika Afrika Mashariki. Katika mtaa wa Kitintale jijini Kampala, Jackson Mubiru na wenzake walianza kujenga uwanja wao wa zege mwaka 2006, kwa mikono yao na kwa fedha kidogo. Nairobi, ndani ya kituo cha watoto cha Shangilia huko Kangemi, ulijengwa uwanja mwingine mwaka 2013 kwa ushirikiano na shirika la Ujerumani la skate-aid. Kwa hiyo hoja ya kwamba huu ni mchezo wa watu wa mbali haina nguvu tena. Hoja ya vifaa nayo ni dhaifu: saruji, mchanga, kokoto na nondo vipo katika kila mji wetu, na mafundi wanaojua kusugua sakafu hadi ing'ae wapo tele. Anayetakiwa kutoka nje ni mtu mmoja au wawili waliokwisha kujenga viwanja vya namna hii, wakae na mafundi wa mji kwa muda wa ujenzi na kuwaachia ujuzi.

Lakini kuna tahadhari mbili za kiufundi ambazo ningemwomba fundi yeyote wa Tanga, Kisumu au Mwanza azizingatie. Sisi tumezoea kumwaga zege leo, kisha kurudi siku nyingine kupiga niru, yaani kupaka saruji tupu juu yake, ili sakafu ipendeze. Kwenye uwanja wa skeitibodi hilo ni kosa la kuua kazi nzima, kwa sababu tabaka la niru ni jembamba na litabanduka vipande vipande chini ya magurudumu na ekseli. Ulaini lazima utoke kwenye zege lenyewe, likisuguliwa siku ileile lingali bichi. Pili, jua letu ni kali kuliko la Oregon. Zege likikauka haraka hupasuka usoni, kwa hiyo kazi ianze alfajiri, eneo la kumwaga kwa siku liwe dogo, na zege lifunikwe kwa magunia yaliyolowa na kumwagiliwa maji kwa siku saba bila kuruka hata moja, Ijumaa na Jumapili zikiwemo.

Kwa aliye karibu na Portland anayetaka kwenda, ushauri wangu ni aende kati ya mwezi wa sita na wa tisa, asubuhi kabla ya saa nne kama ana watoto wanaoanza, kwa kuwa wakati huo wazoefu bado ni wachache na sehemu za chini huwa wazi. Jioni ni nzuri kwa anayetaka kutazama tu, maana ndipo wachezaji hodari hufika baada ya kazi. Mvua zikianza, wanaojua kucheza wanaweza kuhamia chini ya daraja la Burnside, ambako ni pakavu wakati wowote, ila nawasihi wazazi wasiwapeleke huko watoto wanaojifunza, kwa sababu kuta zake ni kali na njia zake ni nyembamba. Kwa hao ni heri kusubiri siku kavu ya Newberg, na kabla ya kufunga safari watazame kama mvua ilinyesha usiku, kwa kuwa mabonde yaliyo kivulini huchukua saa kadhaa kukauka hata jua likiwa limetoka.